Tutakujulisha

“Nani amekutuma?”

“Kaka, nisikilize kwanza.”

Ngumi ilimkuta mdomoni. Mgeni alirudi nyuma, viatu vyake vya mjini vikateleza kwenye tope, akaanguka chali katikati ya migomba. Begi likaenda kule, simu ikaenda huku. Kabla hajakaa sawa, teke likamwingia mbavuni.

“Nakuuliza tena. Nani amekutuma kwa Tulia?”

“Siruhusiwi kusema.”

Msomaji wangu, yapo majibu yanayomponza mtu, na hilo ndilo baba lao. Andongwisye alicheka kicheko kikavu, akamgeukia rafiki yake Ambindwile aliyekuwa amesimama pembeni na mpini wa jembe.

“Umemsikia? Haruhusiwi.”

“Mpe ruhusa,” Ambindwile alisema, akamrushia mpini.

Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili mgeni aliinua mkono wa kushoto kukinga uso, na wote watatu wakausikia mfupa ukikatika. Alipiga ukelele uliofika mpaka ng'ambo ya kijito, ambako Tulia alikuwa anachuma chai kwenye shamba la mama yake. Tulia alikuja mbio, kikapu bado kiko mgongoni.

“Ando, acha. Utaua mtu.”

“Kaa mbali, Tulia.”

“Nasema acha.”

Alimshika shati kwa nyuma. Andongwisye, bila hata kugeuka, alimsukuma kwa kiwiko. Tulia akaenda chini, majani ya chai yakamwagika, uso ukajaa tope. Alikaa pale chini kidogo akimtazama mwanaume aliyekuwa anakwenda kumuoa. Kisha akainuka, akaupokonya ule mpini, akamtandika nao mgongoni kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

“Mguse tena nikupasue kichwa.”

Andongwisye alipiga magoti, pumzi imemkata. Ambindwile alipoona mambo yamegeuka, akatokomea migombani.

“Dada Tulia?” mgeni aliita huku damu ikimchuruzika kidevuni. “Tulia Abrahamu?”

“Unanijua?”

“Nakujua kwenye karatasi. Fungua begi langu, kuna kitambulisho.”

Tulia alifungua. Kulikuwa na picha ya mgeni, jina lake, Naseeb, na chini yake jina la ofisi moja ya Mbeya mjini. Jina hilo alilijua. Lilikuwa kwenye barua pepe ya mwisho aliyotumiwa na kampuni aliyoomba kazi, kwamba hao ndio watakaohakiki taarifa zake. Akakaa kwenye tope na kadi mkononi.

“Ando, unajua huyu ni nani?”

“Mshenga wa bwana wako wa Kiwira.”

“Huyu ni hatua ya mwisho ya kazi yangu.”

*

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana Andongwisye hakuwa mtu wa ngumi. Uliza kijiji chote cha Matwebe. Watakwambia ni kijana mpole, anaimba besi kwaya ya kanisani, analima viazi na ndizi zake, akikutana na bibi amebeba kuni anampokea. Kilichomgeuza mnyama siku ile ni kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kwa kutafuta kazi.

Tulia aliomba nafasi ya afisa ubora kwenye kampuni ya parachichi, njia ya kwenda Kiwira, wakati miparachichi ina maua. Parachichi zikabeba, zikakomaa, zikachumwa, zikapanda meli kwenda Ulaya, na yeye bado anaambiwa tutakujulisha. Alifanya mtihani wa kompyuta kwenye steshenari moja Tukuyu mjini, umeme ukakatika, akaurudia wote. Akahojiwa kwa simu. Akaitwa kuonyesha kwa vitendo, akakata matunda mpaka vidole vikachubuka. Akahojiwa uso kwa uso, akapimwa tabia, akapimwa afya. Halafu bwana aliyemhoji akaacha kazi, akaja mwingine, naye akasema waombaji waanze tena kuhojiwa. Mtu ana digrii yake ya Morogoro, ana akili zake timamu, lakini simu ikilia anatetemeka kama mwenye homa.

Safari zote hizo Andongwisye alimsindikiza. Yeye mwenyewe aliomba kazi katika kampuni hiyo hiyo, akadondoka kwenye mtihani wa mwanzo, na hakununa.

“Ukiingia wewe tumeingia wote,” alimwambia. “Siku ukiitwa tu, tunapanga harusi.”

Waliahidiana hivyo wakicheka. Hawakujua kwamba wameikabidhi harusi yao kwa watu wasiowajua.

“Wamesemaje?” Andongwisye aliuliza mwezi ulipopita.

“Watanijulisha.”

Mwezi mwingine tena.

“Vipi leo?”

“Ando, nimechoka kuulizwa.”

“Na mimi nimechoka kungoja. Mbona kila siku Kiwira, Kiwira? Na mbona unavaa lile gauni zuri?”

“Ulitaka nivae gunia kwenye usaili?”

Siku hiyo alibamiza kikombe ukutani kikawa vipande. Ilikuwa dalili mbaya, na Tulia aliiona, akaifagia pamoja na vipande vya kikombe kwa sababu alikuwa anampenda. Barua pepe ya mwisho ilipokuja, ikisema kuna mtu atapita kuulizia habari zake na asimweleze yeyote, Tulia hakumweleza yeyote. Hata Ando wake.

Basi Naseeb akaingia Matwebe kimya kimya, akaanzia kwa mama. Na huku kwetu mgeni nadhifu akija kuuliza tabia za binti, akakataa kusema ametumwa na nani, hakuna anayehangaika kujiuliza kazi yake. Ni mshenga, amekuja kuchungulia kabla ya posa. Mama Jenifer, mama yake Tulia, mjane aliyechoka kumwona binti yake akiitazama simu, alifuta kigoda kwa kanga yake mwenyewe.

“Ndaga, baba,” alimsalimu kwa Kinyakyusa. “Karibu ukae.”

“Asante, mama. Huyu Tulia ni mwaminifu?”

“Hata chumvi ya jirani hagusi.”

“Ana hasira?”

“Hana. Ukimwambia kaa, anakaa.”

“Umri wake?”

“Ishirini na nne.”

Naseeb alisita kidogo, akaandika kwenye simu yake.

“Ana mchumba?”

Mama Jenifer aliangalia vile viatu vinavyong'aa, akaiangalia na ile simu kubwa.

“Hana mtu.”

“Nimesikia njiani kuna kijana anaitwa Andongwisye.”

“Huyo wa kupita tu, baba. Anatusaidia kubeba ndizi.”

“Na kazi? Anapenda kazi ya ofisini?”

“Ofisi ya nini? Huyu wa kukaa nyumbani, alee watoto. Ofisi hataki hata kuisikia.”

Nje ya ukuta wa jiko, Andongwisye alikuwa amesimama na mkungu wa ndizi begani, zawadi ya mkwe. Alisikia yote. Huku mama mkwe hapandishiwi sauti, hata awe amekukosea nini. Akautua mkungu taratibu mlangoni usifanye kishindo, akaenda kumwita Ambindwile. Hasira yote aliyoshindwa kumtolea mama akaenda kumsubiria nayo mgeni njiani.

*

Hospitali ya Makandana, kesho yake. Naseeb alikuwa amelala na mkono kwenye plasta, mdomo umeshonwa, jicho moja limeziba. Tulia alisimama mlangoni na chupa ya chai mkononi.

“Pole, kaka Naseeb.”

“Nimeshawahi kufukuzwa na mbwa kwa kazi hii. Nimeshamwagiwa maji ya vyombo. Mkono ndiyo mara ya kwanza.”

“Sijaja kuomba uniandikie vizuri.”

“Umeleta nini basi?”

“Uji. Nimeleta na mrija, nimeona mdomo hautafunguka.”

Naseeb alimtazama kwa lile jicho moja, akakubali kusaidiwa kukaa. Alikunywa kwa shida, kila akimeza anakunja uso.

“Mama yako kasema una miaka ishirini na nne.”

“Nina ishirini na tisa.”

“Kasema huna mchumba.”

“Mchumba wangu ndiye aliyekuvunja.”

“Kasema ofisi huitaki hata kuisikia.”

Tulia alianza kucheka. Alicheka mpaka nesi akachungulia, halafu kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa mtandio. Mitihani yote ile, nauli zote zile, na mama yake mzazi amemaliza kila kitu akiwa amekaa jikoni.

“Alidhani wewe ni mshenga,” alisema alipotulia.

“Mshenga? Kwetu sisi mshenga anakuja na wazee wenzake na kanzu yake, nyumba nzima inajua.”

“Huku anayetangulia anakuja mikono mitupu. Anauliza kimya kimya, na hamtaji aliyemtuma.”

Naseeb alifumba jicho.

“Ndivyo nilivyofundishwa kazini. Neno kwa neno.”

“Andika, kaka. Andika yote uliyosikia na uliyofanyiwa. Sitaki uongo mwingine juu yangu.”

“Nitaandika. Ila na mimi nikwambie la kwangu, kama dada. Yule mwanaume mwogope. Nilimwona akikusukuma bila kugeuka. Jana ilikuwa zamu yangu.”

Maneno hayo Tulia alirudi nayo nyumbani, yakamkaa kifuani kuliko habari ya kazi. Mama yake alikuwa anamenya ndizi.

“Mgeni anaendeleaje?”

“Umeniuza, mama.”

“Nilikuwa nakuokoa.”

“Kwa miaka ishirini na nne? Nikiwa na ishirini na nne ulikuja kwenye mahafali yangu. Ulipiga vigelegele. Leo unasema sitaki kazi?”

Kofi lilimpata shavuni, la mkono wenye utomvu wa ndizi. Tulia hakurudi nyuma.

“Piga na la pili, mama. Mimi ni wa kukaa, si ndiyo ulimwambia?”

Mama Jenifer aliangalia kiganja chake, akakaa chini kwenye maganda.

“Nimechoka, Tulia. Wewe unangoja simu, na mimi nangoja pamoja na wewe. Ikilia naomba Mungu. Ukikata nakuona uso. Nilisema hata huyu akiwa mwizi, mradi amekuja, nimpe.”

Tulia alikaa naye kwenye maganda, wakalia wote wawili. Ndizi hazikupikwa siku ile.

*

Andongwisye alijitokeza Makandana mwenyewe, peke yake, amevaa shati la kwaya. Nani asingeona huruma? Mrisho hakuona. Mrisho ni kaka yake Naseeb, fundi seremala wa pale Tukuyu mjini, mikono yake imezoea randa. Walikutana uani, karibu na kamba za kuanikia mashuka.

“Ni wewe?”

“Ni mimi.”

Kichwa kilimwingia puani. Andongwisye aliyumba, akashika kamba, mashuka yakaanguka naye. Mrisho alimwinua kwa kola, akampiga tumboni, akamwinua tena. Wagonjwa walitoka vibarazani na chupa zao za dripu. Kila mtu alingoja Andongwisye arudishe, maana ana mwili. Yeye akaiweka mikono yake nyuma, akafungamanisha vidole.

“Rudisha,” Mrisho alimfokea. “Si wewe unajua kupiga?”

“Sirudishi.”

Akapigwa tena, damu ikarukia shuka jeupe. Tulia alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya uji. Siku ile migombani aliingia katikati. Safari hii hakukimbilia. Nadhani alitaka aone kitu machoni mwa Andongwisye, na alipokiona, ndipo akasogea.

“Inatosha, kaka Mrisho. Yatosha sasa.”

Mrisho alimwachia, akatema mate pembeni, akaingia wodini kwa ndugu yake. Tulia akakaa kwenye benchi, akamwacha Andongwisye akae chini, ukutani.

“Nisamehe, Tulia.”

“Unaomba?”

“Naomba.”

“Kwa mtu yule, au kwangu mimi?”

“Kwa wote. Nilikusukuma. Nilikuwa sijui kama nimekusukuma mpaka nilipoona tope usoni mwako.”

“Ndiyo inayonitisha hiyo. Kwamba hukujua.”

Kisha Tulia akakunjua mgongo, akaongea kwa sauti aliyokuwa ameisikia kwenye simu miezi yote ile, ile ya adabu na isiyo na mtu ndani yake.

“Ndugu Andongwisye, asante kwa maombi yako. Tumeyapokea. Hatua ya kwanza, uende polisi kwa miguu yako mwenyewe.”

“Tulia, usinifanyie hivyo.”

“Mbona mimi nilifanyiwa na nikavumilia?”

“Nikitoka polisi?”

“Kuna hatua nyingine.”

“Na jibu?”

“Tutakujulisha.”

Wapo watakaosema ni ukatili. Mimi nasema mwanamke aliyetupwa kwenye tope na mtu anayetaka kumuoa ana haki ya kuchukua muda wake, tena auchukue wote.

Andongwisye alikwenda polisi. Mahakama ya mwanzo ikamhukumu kufanya usafi hospitalini, ikawa kila asubuhi anadeki wodi ile ile na kumwaga ndoo za watu wasiomjua. Naseeb akija kliniki ya mkono anampisha njiani kwa heshima. Mwanzo hawakusalimiana. Baadaye Naseeb akawa anasema, “Umeacha kona ile pale,” naye anarudi anadeki kona. Ambindwile, mtoa mpini, alikuwa ametorokea machimbo ya makaa ya Kiwira na hakushikwa.

Meseji zilikuwa zinakwenda hivi:

“Tulia leo nimemlisha babu mmoja mgonjwa hana ndugu. Naomba jibu.”

“Maombi yako yanafanyiwa kazi.”

“Tulia nimekukumbuka sana. Hata hodi kwenu siruhusiwi?”

“Tafadhali usipige simu. Ukihitajika utaitwa.”

Tulia alikuwa akituma hizo, kisha anaiweka simu kifuani na kulia. Alimpenda vibaya. Alitaka tu kujua kama anampenda mtu mwenye akili zake au anapenda kifo chake mwenyewe.

*

Kampuni nayo ikamwita, kwa mara nyingine. Walikuwa watatu mezani, wa katikati ni mkurugenzi, Bi Veronika, mama wa miwani na sauti ya chini.

“Bi Tulia, ripoti ya uhakiki imetuletea maswali. Mama yako anasema hutaki kazi. Umri aliotaja siyo ulioandika. Mchumba ambaye anasema huna amemvunja mkono mtu wetu. Tukuelewe vipi?”

“Mnielewe kama ilivyo. Yote yaliyoandikwa yametokea.”

“Hujitetei?”

“Aliyevunja ni mchumba wangu, yuko kwenye adhabu yake. Mama alidanganya kwa sababu alidhani naolewa. Lakini na nyie mlimtuma mtu kijijini kwetu aulize habari za binti, mkamkataza kusema katoka wapi. Kwa Mnyakyusa huyo ni mshenga. Mngemwambia aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji, aseme jina lake na kazi yake, asingeguswa.”

Bwana mmoja wa pembeni alikohoa.

“Tumekusikia. Unaweza kwenda, tutakujulisha.”

Hapo kitu kikakatika. Tulia alipiga meza kwa kiganja, glasi ya maji ikaruka na kumwagikia makaratasi yao.

“Hapana. Nijulisheni sasa. Nimefanya kila mlichosema, vingine mara mbili. Kwa kungoja neno lenu mama yangu amedanganya, mchumba wangu amekuwa mhalifu, mtu wenu amevunjwa mkono. Kama hamnitaki, niambieni hapana, nitaibeba. Hapana inabebeka. Hii ya kujulishwa ndiyo inayoua watu.”

Maji yalikuwa yanadondoka sakafuni. Bi Veronika alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

“Kuna mtu ana swali ambalo hajaulizwa huyu?”

Hakuwepo.

“Basi anaanza Jumatatu. Na mtu wa uhakiki tangu leo anajitambulisha.”

Tulia alitoka nje, akafika kwenye miparachichi ya getini, akatapika. Furaha iliyocheleweshwa sana ndivyo ilivyomtoka.

*

Miparachichi ilikuwa na maua tena Tulia alipompigia simu Naseeb.

“Kaka Naseeb, nina kazi ya uhakiki. Ni Matwebe.”

“Matwebe ile ile?”

“Ile ile. Jina la mwombaji ni Andongwisye.”

Naseeb aliupapasa mkono wake wa kushoto.

“Dada Tulia, mkono huu mvua ikinyesha bado unauma.”

“Ndiyo maana nataka wewe. Mwingine anaweza kumwonea huruma.”

Naseeb alikwenda mchana kweupe, akapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, akajitambulisha. Aliulizia rafiki wa karibu wa Andongwisye, akaelekezwa nyumba inayopakana na ya Andongwisye. Ambindwile alikuwa amerudi kutoka machimboni juzi tu, roho juu juu, kila pikipiki anadhani ni askari. Alikuwa analima nyuma ya nyumba.

“Habari za kazi. Naitwa Naseeb. Nimetumwa na Tulia niulize tabia za—”

Ambindwile hakusikia zaidi ya jina. Aliona ule uso, akaona pingu. Jembe likapanda juu.

“Umenifuata mpaka huku?”

Naseeb aliganda. Mkono wa kushoto ukajiinua wenyewe kukinga uso kama siku ile. Kilichofuata ni kishindo cha mtu aliyeruka ua wa matete. Andongwisye aliingia katikati, na mgongo wa jembe ukamshukia begani. Alianguka na goti moja. Ambindwile akainua tena.

“Toka, Ando. Huyu ndiye aliyekufungisha.”

“Nilijifunga mwenyewe. Weka jembe chini.”

“Amekuja kunikamata.”

“Akikukamata nitakusindikiza. Weka chini.”

Andongwisye alikuwa ameudaka mpini kwa mkono mmoja, ule mzima, na hakuuachia. Angeweza kumpiga rafiki yake kichwa, alikuwa karibu mno. Walisukumana hivyo, wanahema usoni kwa usoni, mpaka Ambindwile akaachia na kukaa kwenye matuta.

“Sasa mjibu anachouliza,” Andongwisye alisema.

“Nimjibu nini?”

“Ukweli. Usinipambe.”

Naseeb alitoa simu mfukoni.

“Huyu Andongwisye ana hasira?”

Ambindwile alimwangalia rafiki yake, bega limeteguka linaning'inia.

“Anazo.”

“Anapiga watu?”

“Alikupiga wewe. Mpini nilimpa mimi.”

“Tangu siku ile?”

“Sikuwepo. Leo tu ndiyo nimemwona. Leo kapigwa, hajarudisha.”

Naseeb aliandika hayo, akayatuma kama yalivyo. Kisha akampakia Andongwisye kwenye pikipiki, wakaelekea Makandana, mmoja ameshika bega, mwingine anaendesha kwa tahadhari ya mkono wake mbovu. Walikuwa wamefika lami meseji ilipoingia.

“Ndugu Andongwisye, uhakiki umekamilika. Tuma mshenga Jumamosi. Kipindi cha majaribio ni maisha yako yote, na siku utakayoniinulia mkono mkataba umekwisha, hakuna rufaa. Tulia wako.”

Alijibu kwa kidole gumba kimoja, machozi yanadondokea kioo.

“Nimepokea na nimekubali. Ila mkono wenyewe leo hauinuki.”

“Naleta uji,” Tulia akajibu.

Jumamosi mlango wa Mama Jenifer uligongwa. Alikuta mgeni wa miwani ya jua, kovu mdomoni, safari hii amevaa buti za mvua.

“Hodi, mama. Naitwa Naseeb, natoka Mbeya. Mimi ni mshenga, nimetumwa na Andongwisye, na nimekuja kumuulizia Tulia.”

Mama Jenifer alifuta kigoda, akamkaribisha, akakaa mbele yake akiwa ameikunja mikono mapajani.

“Ana miaka thelathini,” alisema kabla hajaulizwa. “Kazi anaipenda sana. Na hasira anazo.”